Nani Anachoma Korosho Shangani?

Kabla gari halijakabidhiwa kwa mwenyewe, fundi wa gereji yetu hapa Mtwara hulipeleka Shangani. Hulizungusha kwenye barabara ya ufukweni mpaka injini ishike moto sawasawa, kisha hufunga vioo vyote, hukaa kimya na kunusa. Ninyi vijana mliotoka chuo cha ufundi mmelikuta jambo hili pale gereji mkadhani ni la kitaalamu, limeletwa kutoka Italia pamoja na magari. Mmoja wenu aliniambia juzi kwamba yeye angeliita "ukaguzi wa hewa ya ndani". Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Halikutoka Italia. Lilitokana na kosa tulilolifanya wenyewe, kosa ambalo nadhani lisingeweza kufanywa na fundi yeyote asiye mtu wa Mtwara, na nusura lituondolee magari yote ya Kiitaliano, turudi kubadilisha breki za malori. Nitawaeleza lilivyokuwa. Ila nitapita njia ndefu kidogo, maana nimestaafu na sina gari la kuwahi.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Dadi, mtu wa Mpapura, kwao korosho na mihogo. Ujana wake alikuwa msaidizi wa fundi mmoja Mtaliano aliyekuja na watu wa kujenga barabara. Yule Mtaliano alikuwa na gari lake dogo la mashindano, la viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba kuku wa Mpapura walilitazama usawa wa macho. Alipoondoka nchini alimwachia Mzee Dadi lile gari, masanduku ya spana na ujuzi.

Watu wenye magari ya kizamani ya namna hiyo ni wachache na wanajuana wote. Mmoja wa Dar es Salaam alisikia kuna mzee Mtwara anayeyajua, akamwambia wa Nairobi, wa Nairobi akamwambia daktari wa Lilongwe. Magari yakaanza kuja. Mengine yalishushwa bandarini katikati ya msimu wa korosho, makarani wa forodha wakiyazunguka kwa simu zao kupiga picha. Mengine yaliletwa juu ya lori, yamefunikwa turubai kama wagonjwa. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya Mzee Dadi: gari lililokuja limebebwa litaondoka linatembea. Hakukubali lori lirudi kuchukua kazi yake. Alisema, "Mgonjwa akitoka hospitali kwa machela, hospitali ile imefanya nini?"

Mkiingia gereji mtasikia mtu akisema, "Nipe piano." Msishangae. Piano ni ile spana ndefu yenye saa, inayopima nguvu ya kukaza nati. Yule Mtaliano, kila Mzee Dadi alipoishika kukaza vichwa vya silinda, alikuwa akimsimamia na kumwambia, "Piano, piano." Kwa lugha yao maana yake ni taratibu. Mzee Dadi akaelewa kwamba hilo ndilo jina la spana. Akatufundisha hivyo sote, nasi tukawafundisha waliofuata. Miaka mingi baadaye alikuja mteja aliyesoma Italia, akasikia Bosko akipaza sauti, "Piano iko wapi? Nani amelala na piano?" Yule bwana akatazama huku na huko akitafuta kinanda. Tulipojua ukweli hatukubadilisha. Spana yenyewe inaitikia jina hilo, na anayekaza nayo kwa pupa huvunja boliti hata leo.

Mimi sikuingia pale kama fundi injini. Niliitwa kushona viti. Mama yangu alishona magodoro, nami nilijua usumba wa nazi. Viti vya magari yale ya zamani, ukichana ngozi, ndani utakuta manyoya ya farasi au usumba. Mtwara farasi hakuna, usumba upo wa kumwaga. Kiti changu cha kwanza nilikijaza usumba ambao haukukauka vizuri. Baada ya wiki chache mwenye gari alilalamika kwamba kiti kimeota. Hakuwa anatania. Kilikuwa na uyoga mweupe, mdogo, umejitokeza kwenye mshono. Mzee Dadi aliuchuma, akaupeleka kwa mkewe, Bi Fatu, akamuuliza kama unaliwa. Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoleta usumba aliuliza, "Somoe, huu wa kukalia au wa kupika?"

Nilipokuwa nashona karibu na injini zinazowashwa, nilianza kusema sasa inakohoa, sasa imekaa sawa. Mzee Dadi alisimama siku moja, akanipa kipande cha mpira mwembamba wa maji. "Weka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta," akasema. Injini zile zina kabureta mbili, kila moja ina midomo miwili, na kila mdomo unavuta hewa kwa sauti yake. "Unasikia nini?"

"Kama mtu anamnyamazisha mtoto."

"Haya, mnyamazishe na wa pili kwa sauti hiyohiyo. Halafu wa tatu. Halafu wa nne. Wote wakinyamazishwa sawa, gari litalala."

Hiyo ndiyo kazi niliyokuja kuifanya mpaka nastaafu. Leo mnaifanya kwa kifaa cha kioo chenye kipimo ndani, na wengine kwa simu. Sina ugomvi na hilo. Simu haichoki wala haipati mafua. Ila kumbukeni mpangilio. Kwanza vali, uhakikishe zimeachana inavyopasa. Pili moto, plagi na platini na wakati wa cheche. Kabureta ni ya mwisho kabisa. Anayeanza na kabureta kwa sababu ndiyo inayoonekana atazungusha skrubu mpaka jioni, na gari litaendelea kumisi, kurukaruka moto, kwa kuwa ugonjwa uko kwingine. Nimeona mafundi wenye majina makubwa wakifanya hivyo. Nimewahi kuwaletea maji ya kunywa.

Bosko nimeshamtaja, sasa niwaeleze ni nani. Alikuwa fundi bodi wetu, Mmakonde wa Newala, Mkatoliki aliyeimba kwaya kwa sauti ya chini inayotetemesha kifua. Bodi za magari yale nyingi ni za aluminiamu, laini, nyembamba, zina mikunjo kama ya shavu la mtoto. Ulaya wanazifinyangia juu ya magogo maalumu na mifuko ya mchanga. Bosko hakuwa na gogo maalumu. Alichukua kinu cha mkewe. Aliweka bati juu ya mdomo wa kinu, akaligonga kwa kichwa cha mchi alichokivisha ngozi, akalizungusha, akaligonga, mpaka likaanza kubonyea kwa duara zuri linalotakiwa kwenye kona ya madigadi. Mkewe alikuja gereji kukidai.

"Baba Adela, nitwange wapi?"

"Nunua unga."

"Na wewe nunua bati lililokwisha kukunjwa."

Akaondoka bila kinu. Kile kinu ndicho mnachokiona ukutani, kimepasuka upande mmoja.

Sasa nifike kwenye gari la Mhandisi Temba.

Mhandisi Temba ni mtu wa Moshi. Aliwahi kufanya kazi bandarini Mtwara akiwa kijana, akahamia Dar es Salaam, akastaafu. Alikuwa na gari la Kiitaliano la rangi ya kijani iliyoiva, lenye pua ndefu na mgongo mfupi, lililokaa kwenye banda la shemeji yake bila kuwashwa kwa miaka. Alilileta kwa lori. Siku ya kulishusha alituambia mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyezoea vikao, "Nina wenzangu wawili wana magari kama hili. Wanataka kuyapeleka Nairobi. Nimewaambia wasubiri. Nikifika Dar nikiwa naliendesha mwenyewe, yao yanakuja hapa. Nikifika na lori, yanakwenda Nairobi na langu linafuata hukohuko."

Mnapaswa kujua hali yetu ilivyokuwa. Mwaka ule gari hilo lilikuwa ndilo pekee la Kiitaliano ndani. Nyingine zilikuwa bajaji tatu na lori la kubeba mihogo. Mzee Dadi alikuwa amezeeka, na hakusema, lakini sote tulijua hili likiondoka vibaya, gereji ya magari ya Kiitaliano imekwisha, na yeye atakuwa mzee wa kubadilisha oili za bajaji.

Basi tulilifanya kwa moyo wote. Bosko alitengeneza sakafu mpya, maana ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona barabara. Mimi nilishona viti, usumba mkavu kabisa, kisha nikakaa na mpira wangu sikioni mpaka midomo yote minne ikasema neno moja. Mzee Dadi alifunga injini kwa mkono wake, piano taratibu. Na mwisho, kwa kulipenda lile gari, akaongeza kitu chake.

Mnajua kutu ya hapa. Hewa ya chumvi inakula bati usiku na mchana. Na mnajua mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi mazito. Kwao Mpapura nguzo za nyumba hupakwa mafuta hayo, na mchwa huzipita mbali. Mzee Dadi alikuwa na debe lake. Siku zote alipaka kidogo sehemu za pembeni chini ya gari, mbali na joto, na hatukuwahi kupata shida. Safari hii aliona chini ya mapaja na miguu ya dereva chuma ni kipya kabisa, akasema kisiharibike. Akapaka chini ya sakafu yote, akapaka na ule mfereji wa katikati ambamo gia boksi inakaa na bomba la ekzosi linapita. Akapaka mara mbili. Tuliangalia tukasema, hili gari litatuzika sote.

Tulilijaribu kwa njia yetu ya kawaida, kutoka mjini kupitia Mikindani mpaka Mpapura na kurudi. Ni njia nzuri kwa kazi hiyo. Ina vilima, kona, na mahali pa kunyooka ambapo injini inafunguka kifua. Gari lilikwenda kama limekunywa uji. Karibu na Mpapura macho yalituwasha na kukawa na harufu ya korosho zinazochomwa. Hatukujali hata kidogo. Kando ya barabara ile kina mama huchoma korosho kwenye makaango ya bati yenye matundu, mafuta yanadondokea motoni, moshi unaruka, nawe unafunga kioo na kupita. Nimekua ndani ya moshi huo. Tulipokuwa watoto bibi alitufukuza tukae upande ambao upepo unatoka.

"Leo wanachoma nyingi," Bosko alisema, akijifuta machozi kwa kola ya shati.

"Bei imekaa vizuri," nikamjibu.

Tulikwenda tena siku nyingine, na tena. Kila mara moshi. Hatukuwahi hata kugeuza shingo kuwatafuta wachomaji.

Mhandisi Temba alikuja kwa ndege kulitazama. Alikwenda nalo Mpapura, Mzee Dadi pembeni yake. Alirudi akitabasamu, amefurahi, lakini macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani, na alikuwa akijikuna miguu juu ya soksi.

"Fundi, gari ni tamu," alisema. "Ila lina harufu gani?"

Tukacheka wote. "Hiyo si ya gari, Mhandisi," Mzee Dadi akamweleza kwa upole. "Ni korosho za barabarani. Mgeni inamkamata zaidi."

"Nimekaa hapa miaka saba, Mzee, mimi si mgeni wa korosho."

"Ulikaa bandarini. Kule zinapita kwenye magunia."

Hakubisha. Bosko akamnunulia pakiti ya korosho kumpoza. Akasema atarudi Jumamosi ya wiki inayofuata kulichukua, akaenda kulala kwa rafiki yake akijikuna.

Siku mbili baadaye barabara ya Mikindani ilizuiwa, lori lilikuwa limelala katikati. Mimi na Bosko tulitaka kulipasha gari moto nisikilize kabureta kwa mara ya mwisho, tukaamua tuzunguke Shangani tu, polepole, kwenda na kurudi. Ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Ufukwe umeoshwa, hewa safi, watu wawili watatu wanafanya mazoezi, mwalimu mmoja jirani yangu anatembeza mbwa. Injini ikashika moto. Bosko akaanza kujifuta macho kwa kola.

"Wanachoma nyingi leo," akasema.

Nikakubali kwa kichwa. Tukaenda mpaka mwisho wa barabara, tukageuza. Hapo nikasikia maneno yake yakirudi kichwani mwangu, nikamtazama.

"Bosko. Nani anachoma korosho Shangani?"

Akapunguza mwendo. Tukatazama kushoto, bahari. Kulia, nyumba za watumishi na maua yao. Hakukuwa na jiko, hakukuwa na moshi, hakukuwa na mama hata mmoja mwenye kikaango. Akasimamisha gari, tukatoka, tukainama chini. Kwenye sakafu, pale karibu na bomba la ekzosi, mafuta meusi yalikuwa yanatoa mapovu madogomadogo na kufuka moshi mwembamba, mzuri, wa kwetu kabisa.

"Tumemkaanga Mhandisi," Bosko akasema.

Hatukucheka. Tulikaa kwenye ukuta wa ufukwe mpaka gari likapoa. Bosko alisema tungoje kwanza, huenda yakikauka vizuri harufu itaisha. Nikamuuliza kama angekubali kuliendesha mpaka Dar es Salaam akiwa amevaa kaptula. Shida kubwa haikuwa mafuta. Shida ilikuwa ni nani atamwambia Mzee Dadi. Mtu umri wa baba yako, aliyekutoa kwenye magodoro akakupa ufundi, unamwambiaje kwamba mkono wake ndio umeharibu?

Sikumwambia. Tuliporudi gereji niliiacha injini inanguruma, nikamfungulia mlango. "Mzee, naomba uketi kidogo unisikilizie kabureta. Sikio langu leo silielewi."

Aliketi. Nikafunga mlango na vioo, nikasimama nje na Bosko. Mzee Dadi aliinamisha kichwa kusikiliza. Baada ya muda akainua pua. Akatazama nje, upande wa barabara, kisha upande wa kwa jirani.

"Nani anachoma korosho?" akauliza kupitia kioo.

"Hakuna anayechoma, Mzee," nikamjibu.

Aliendelea kukaa. Nilidhani atatoka, lakini alikaa mpaka machozi yakaanza kumtiririka, na hata hapo hakujifuta. Mwishowe akanyoosha mkono mwenyewe, akazima.

"Simu yangu iko wapi?" akasema.

Alimpigia Mhandisi Temba papo hapo, sauti imefunguliwa, tukisikia wote. "Mhandisi, shikamoo ya kwako leo naikataa, mimi ndiye wa kukuamkia. Ule moshi haukuwa wa barabarani. Ulikuwa wa kwangu. Nimekupakia mafuta ya korosho juu ya ekzosi."

"Kwa hiyo miguu yangu?"

"Imekaangwa kidogo."

"Mke wangu amenipeleka kwa daktari wa ngozi, Mzee. Daktari ananiuliza nimekula nini."

"Hukula. Ungekula ingekuwa nafuu."

Upande wa pili Mhandisi hakucheka. Akasema, kwa adabu lakini kwa baridi, kwamba ameelewa, na kwamba Jumamosi atakuja na lori. Mzee Dadi alishusha pumzi. "Njoo nalo," akasema. "Ila kabla hujalipakia, endesha mwenyewe, njia unayoitaka wewe. Macho yakikutoka chozi hata moja, nitakusaidia kufunga kamba kwa mkono wangu."

Mnisikilize sasa, kwa kuwa hapa kuna kazi ya kujifunza. Mafuta ya korosho mabichi hayaondolewi kwa haraka, na yanachoma ngozi. Kabla hatujagusa kitu tulijipaka mafuta ya nazi mikononi, kisha majivu juu yake, kama wanavyofanya kina mama wanaobangua korosho, na juu ya hayo tukavaa glavu. Tulishusha ekzosi, tukashusha gia boksi. Tukakwangua kwa vibapa vya mti, siyo chuma, tusichubue bati jipya. Baadaye mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni, kisha jua, kisha tena. Mzee Dadi alilala chini ya gari pamoja nasi. Nilimwomba atoke, akasema, "Mwanangu, niliyapaka nikiwa nimelala chali. Nitayatoa nikiwa nimelala chali."

Bosko akaona haitoshi. Akasema panahitajika ngao ya bati kati ya ekzosi na sakafu, ili hata joto la kawaida lisimpate dereva. Ngao hiyo ilipaswa kufuata mkunjo wa mfereji wote. Akaweka aluminiamu juu ya kinu, akagonga kwa namna sijawahi kumwona akigonga, na ngao ilipokuwa karibu kukamilika kinu kikatoa sauti kavu, kikapasuka kutoka mdomoni mpaka kiunoni. Akakikumbatia kwa miguu kisiachane, akamalizia. Ngao ilikaa mahali pake bila kulazimishwa.

Jumamosi lori lilifika kabla ya Mhandisi. Dereva wake alishusha mbao za kupandishia gari, akaziegemeza getini, akalala kwenye kivuli cha lori lake. Mhandisi Temba alikuja amevaa suruali ndefu nene na soksi zilizopanda mpaka magotini. Bosko akamtazama miguu, akanitazama mimi, akaangalia juu.

Nilimwomba Mhandisi aende Shangani, hakuna moshi kule. Akakataa. "Nataka njia ileile ya Mpapura."

"Kule wanachoma kweli, Mhandisi."

"Ndiyo maana."

Akaondoka peke yake. Mzee Dadi alivuta kigoda akakaa ndani ya geti, mgongo kwa lori. Mimi nilishona kitu ambacho hakikuhitaji kushonwa. Ilikuwa saa nne asubuhi tulipoanza kungoja, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa tuliposikia injini ikirudi. Niliisikia kwanza mimi, midomo minne, neno moja.

Akashuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

Dereva wa lori alikuwa ameamka, akaanza kuzinyanyua mbao zake.

"Ziache," Mhandisi Temba akamwambia. Kisha akamgeukia Mzee Dadi. "Nilisimama Mpapura, nikashuka, nikasimama katikati ya moshi wa wale kina mama mpaka nikalia. Nikarudi ndani, nikafunga vioo. Nikaendesha mpaka nikapita kijiji, nikangoja. Humu ndani hakuna kitu, Mzee. Huko nje ndiko wanachoma."

Mzee Dadi aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Na mimi nibebe nini sasa?" dereva wa lori akauliza. "Beba kinu, umrudishie mke wangu," Bosko akamtania.

Kwa hiyo gari la kijani liliondoka kesho yake alfajiri, linatembea. Ninyi mnajua magari mengine mawili yalikuja, kwa sababu ndiyo mliyoyakuta mkianza kazi, lile la njano na lile linalovuja oili kila Ijumaa. Na mnajua sheria ya kunusa Shangani. Mtu hawezi kunusa kitu alichokizoea akiwa mahali anapokitarajia. Msiamini pua yenu ikiwa nyumbani kwake. Itoeni nje kwanza.

Lakini siku ile ya safari hatukuwa na uhakika hata kidogo. Mimi na Mzee Dadi tulikaa gereji tukijifanya tuna kazi. Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Alikuwa Mhandisi Temba, amesimama Nangurukuru.

"Dada Somoe," akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Harufu imerudi."

Nikamuuliza kama macho yanawasha. Akasema hapana. Miguu? Hapana. Inakuja kutoka chini? Hapana, inatoka nyuma, na ni kali, ileile. Nikaanza kufikiria kila kona ya gari lile, wapi tumesahau kukwangua, na nilipogeuka kumwomba Mzee Dadi msaada nilimkuta anatazama dari, anazuia kicheko kwa mkono.

"Mwambie afungue buti," akasema. "Bi Fatu alichoma jana jioni akamwekea mfuko. Mwambie hizo hazipakwi. Hizo zinaliwa."